Naomba ushauri: umeme wa fueli seli nyumbani, inawezekana?

Habari zenu wakuu. Niko Kigamboni, nafuga kuku wa nyama, na friza ndiyo inaninyima usingizi. Juzi umeme ulikatika usiku kucha; asubuhi nakuta maji mekundu yanachuruzika sakafuni. Jenereta ninayo, ila petroli inanimaliza.

Nimesoma kwamba Japani tangu 2009 wanauza mitambo ya fueli seli ya majumbani iitwayo Ene-Farm. Inatoa haidrojeni kwenye gesi, inaikutanisha na oksijeni ya hewani, unapata umeme kama wati 700, na joto lake linapasha maji ya kuoga. Jambo zuri sana! Lakini wenzetu wengi gesi inawafikia kwa bomba, mimi nina mtungi wa kilo 15.

Nikawaza kutengeneza haidrojeni kwa sola. Hesabu ikanivunja moyo: kilo moja inakula yuniti 50 na zaidi, ukiirudisha kuwa umeme unaambulia kama 16 hivi. Betri ya lithiamu inarudisha karibu tisa kwa kila kumi.

Kuna aliyewahi kufunga fueli seli nyumbani, hata ya gesi ya mtungi? Fundi na spea alipata wapi? Au nijipange tu ninunue betri?