Hivi mtu anakuandikia barua halafu anakuuliza WEWE umeielewaje??

Wakuu naandika hapa mkono unatetemeka, ndo kwanza nimetoka pale kwa watu wa kodi, mnapajua, sina haja ya kutaja jina, kila mtu humu ameshavikalia vile viti akapigwa na kiyoyozi mpaka akatoka na mafua. Nimekaa masaa manne. MANNE. Naingia nashika tiketi namba 87, kwenye kioo wako namba 12, nikasema poa leo nimejipanga, nina maji, nina chaji, nina subira ya Ayubu.

Nafika kaunta natoa barua. Barua YAO. Ina nembo yao, ina muhuri wao, ina namba ya kumbukumbu ndefu kuliko ukoo wangu mzima. Yule kaka anaichukua, anaisoma, anaigeuza nyuma (nyuma hakuna kitu), anaigeuza tena, anakuna kidevu, halafu ananitazama usoni bila hata chembe ya aibu ananiambia, "Kwani wewe umeielewaje?"

MIMI. Mimi niliyepanda magari mawili kuja kuuliza inamaanisha nini.

Ngoja nianze mwanzo maana hasira zinanirukisha. Mwaka juzi nilihama kazi katikati ya mwaka. Mwajiri wa kwanza alinikata kodi yake vizuri, wa pili akanikata kama vile mshahara ule mpya nilikuwa naupokea tangu mwezi wa kwanza. Mwisho wa mwaka najaza ritani, ile fomu ya kueleza mapato na kodi ya mwaka mzima, mfumo wao wenyewe, sio mimi, mfumo WAO unapiga hesabu unaniambia ndugu umelipa zaidi, unatudai. Nilicheza peke yangu sebuleni. Nikaomba marejesho, hiyo rifandi, siku ile ile.

Miezi 14 hiyo. Ukiingia kwenye akaunti unakuta neno moja tu, Inashughulikiwa. Dada yangu amejifungua, mtoto amekaa, ametambaa, sasa hivi anatembea anavunja vikombe, rifandi yangu inashughulikiwa.

Halafu barua. Ya kwanza ya kunishukuru. Ya pili inataka vielelezo ambavyo nilishaviskani nikaviatachi siku naomba, niwasilishe ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua, na barua ina tarehe 3 mimi imenifikia tarehe 19, yaani nilishachelewa kabla sijaifungua bahasha. Ya tatu ndo hii, ina kiasi changu kile kile ila mbele kuna kialama cha kutoa, chini yake imeandikwa "kiasi kinachotakiwa", chini yake tena "puuza barua hii endapo umeshalipa". Nani amlipe nani?? Na ya nne imekuja siku hiyo hiyo na ya tatu, hiyo ni faini, eti kuna mwaka sikupeleka ritani. Mwaka huo sikuwa na kazi jamani! Kosa langu ni kutokwenda kuwaambia kwamba sina kitu. Na ile faini ina riba, inatembea. Deni langu kwao linaota kama uyoga, deni lao kwangu limelala kama chatu aliyeshiba.

Ndo nimebeba zote nne, nimezipanga kwa tarehe, nimefika, namuuliza kistaarabu kabisa, samahani kaka, hapa nadai au nadaiwa? "Kwani wewe umeielewaje?" Akamwita na mwenzake, dada mmoja akaja na kikombe chake mkononi, akasoma juu ya bega, akacheka, akasema "aah hizi huwa zinatoka zenyewe." Zinatoka zenyewe! Kama mvua! Kama chunusi!

Uamuzi uliotolewa ni kwamba niandike barua ya kuomba ufafanuzi wa barua. Nitajibiwa kwa barua.

Sijui hata naomba ushauri gani. Nimekasirika tu.

Kinyonga Mpole: Siti ya mbele kabisa. Endelea kushusha nondo mkuu.

Jogoo la Pili: Sasa ulimjibu nini? Maana hapo ndo penyewe, unatuacha hewani.

Mtoa mada: Nilimwambia sijaielewa. Akanirudishia barua akasema "basi tuko sawa."

Jogoo la Pili: 😂😂😂 nimepaliwa. BASI TUKO SAWA. Huyo kaka apandishwe cheo.

Shangazi Kaunta: Mwanangu pole. Ila na wewe, watu wote duniani wanakosea kwa kulipa pungufu, wewe umekosea kwa kulipa zaidi, halafu unataka wakuelewe? Wamezoea kufukuza watu, mtu anayekuja mwenyewe kwa miguu yake lazima wamshangae.

Mtoa mada: Shangazi sikukosea mimi, alikosea mwajiri!!

Shangazi Kaunta: Haya mwanangu.

Mama Risiti: Nyie wa mishahara mnalia kilio cha paka. Mimi nauza bidhaa nje. Mauzo ya nje VAT yake (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia sifuri, malighafi nanunua na VAT juu, kwa hiyo kila nikifunga hesabu nawadai mimi, sio mara moja kama wewe, KILA mara. Na kila nikidai wanakuja kukagua kwanza kama nimeiba. Safari iliyopita wamekagua mpaka risiti ya viberiti. Mtaji wangu wote umekaa kwao unapigwa kiyoyozi bure. Kwa hiyo tulia, wewe una barua nne, mimi nina kabati.

Fundi Mpole: Mama Risiti kabati una bahati. Mimi mwajiri kanikata miaka miwili, kwenye karatasi ya mshahara makato yapo yameandikwa vizuri kabisa, naenda kule naambiwa hakuna hata senti iliyofika. Namuuliza mwajiri anasema niulize kule. Kule wanasema nimuulize mwajiri. Mpira wa kona.

Karani Mstaafu: Vijana punguzeni jazba. Hicho kialama cha kutoa kwenye taarifa za namna hiyo kwa kawaida maana yake salio ni lako, wao ndio wanadaiwa. Wengine hawaweki kialama, wanaweka mabano. Tatizo sio kialama, tatizo ni hiyo faini uliyoitaja juu juu kama utani. Ofisi nyingi kabla hazijakulipa zinaangalia kama una deni popote, la mwaka wowote, wakilikuta wanakata juu kwa juu, kinachobaki ndio chako. Na ritani isiyopelekwa inaweza kukwamisha ombi lote hata kama ni ya sifuri. Kwa hiyo peleka hiyo ritani sifuri, halafu andika pingamizi la faini au uombe ifutwe, uangalie muda, maana siku mara nyingi zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, sio siku uliyoipata. Bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe, ndiyo shahidi wako. Hakikisha jina la kwenye akaunti ya benki linafanana herufi kwa herufi na la usajili. Na tafadhali usiende kurekebisha ile ritani ya zamani eti kwa hasira, unaweza kurudishwa mwisho wa foleni.

Jogoo la Pili: Huyu ni wao.

Kinyonga Mpole: Tumeshakujua. Kaunta namba 4, shati la mistari.

Karani Mstaafu: Nimestaafu.

Shangazi Kaunta: Hawastaafu hao. Wanatoka wenyewe.

Mtoa mada: Asante mzee wangu nimekuelewa, ila umeona wewe ulivyoeleza kwa dakika mbili? Kwa nini yule kaka asiniambie hivyo hivyo? Badala yake mtu mzima na tai yake ananiuliza umeielewaje. UMEIELEWAJE. Nimekuja nayo kwenye daladala nzima inanipiga kichwani.

Ndugu Msomaji: Hili sio geni. Lile jiwe maarufu la Rosetta la Misri, lile tangazo la mwaka 196 KK, ndani yake kuna habari za kuwapunguzia makuhani na mahekalu kodi. Limeandikwa kwa maandishi ya aina tatu na bado ilibidi tungoje mpaka 1822 msomi Mfaransa Champollion aje ayafumbue yale ya picha. Yaani zaidi ya miaka 2000 kusoma notisi ya kodi. Wewe miezi 14 unalia.

Fundi Mpole: 🤣 Champollion angefika kaunta angeulizwa umeielewaje.

Kinyonga Mpole: Sahihisho, mojawapo ya yale maandishi ni Kigiriki na Kigiriki kilikuwa kinasomeka tangu lilipookotwa 1799. Tusipotoshane.

Ndugu Msomaji: Nimesema ya picha. Soma tena.

Kinyonga Mpole: Umesema "kusoma notisi ya kodi". Notisi ilisomeka kwa Kigiriki. Kubali.

Ndugu Msomaji: Kwani wewe umeielewaje?

Jogoo la Pili: Ameuawa 💀 mazishi saa kumi.

Kitasa: Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi yangu imekuja kwa imeili, pdf imefungwa na paswadi. Nimeweka namba ya mlipakodi imegoma. Kuna anayejua?

Mama Risiti: Weka tarehe ya kuzaliwa.

Kitasa: Imegoma.

Shangazi Kaunta: Wale wa mita nao tuwafungulie uzi wao. Nyumba nimefunga mwezi mzima nimesafiri, narudi nakuta nimetumia maji kuliko mwezi niliokuwepo na wajukuu watano. Nikauliza, naambiwa ni makadirio. Walikadiria nini, machozi?

Fundi Mpole: Shangazi hao usiwaguse, mimi na hao tuna kesi ya toka zamani, nashusha uzi wao leo usiku.

Mama Risiti: Ukiushusha niite. Nina picha za mita.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada. Hivi mnaona ni sawa mtu kukuuliza

Jogoo la Pili: Mkuu tumesikia. Umeielewaje. Tumeielewa.

Mtoa mada: Hamjaielewa! Hamkuona alivyoigeuza ile karatasi nyuma!

Kinyonga Mpole: Nyuma kulikuwa na Kigiriki.

Kitasa: Tarehe ya kuzaliwa naiandikaje, na mikwaju au bila?

Karani Mstaafu: Jaribu bila mikwaju, uanze na mwaka.

Kitasa: Imegoma.

Karani Mstaafu: Anza na siku.

Shangazi Kaunta: Fundi uzi wa mita uko wapi? Nimeshakoroga chai nasubiri.

Fundi Mpole: Ndo naandika shangazi, dakika tano.

Kitasa: Imefunguka!! Ubarikiwe mzee Karani. Sasa hapa kuna namba mbele ina kialama cha kutoa, chini wameandika niipuuze. Hii nyie mnaielewaje?