Kalamu ya TDS HAIPIMI ugumu wa maji, acheni kutuuzia vichujio kwa uongo!!

Wakuu habari zenu. Nina hasira kwa hiyo atakayeona nimekuwa mkali anivumilie.

Niko Tanga, Sahare, nina mashine ya kahawa ya espresso ya nyumbani. Bomba likikata tunatumia maji ya kisima. Muuzaji wa Dar akaniuzia mashine na kalamu ya TDS juu yake, yaani kidude cha kupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, akaniambia bosi chovya hii kwenye maji, ikizidi 150 maji yako magumu, utaweka kichujio cha kulainisha ndani ya tangi. Nikachovya, 780. Haya, nikanunua kichujio. Nikapima maji yaliyopita kwenye kichujio, 780 ile ile! Nampigia simu ananijibu eti "hicho kitakuwa kimeshajaa, maji ya huko kwenu makali sana, chukua kingine". Nikachukua. Namba haijabanduka. Anataka nichukue kingine tena, na vile vidude bei yake mnaijua wenyewe.

Sasa sikilizeni. Ile kalamu inapima umeme unavyopita kwenye maji, basi. Chumvi, chokaa, vyote inavijumlisha inakupa namba moja. Ugumu wa maji ni kalsiamu na magnesiamu peke yake, hivyo ndivyo vinavyoacha ukoko mweupe kwenye boila maji yakichemka. Na hivi vichujio vya kulainisha havipunguzi kitu, vinabadilishana tu, vinashika kalsiamu na magnesiamu vinaachia sodiamu, kwa hiyo kalamu itasoma vile vile hata kichujio kiwe kimetoka kwenye boksi sasa hivi. Yaani umeniuzia kipimo ambacho siku zote kitasema kichujio kimekufa, na muuza vichujio ni wewe. Huu si wizi ni nini?

Nimekuja kujua baada ya kupata dawa ya matone, ile wanayotumia wafuga samaki wa mapambo. Unaweka maji 5 ml kwenye kichupa, unatia tone, yanakuwa rangi ya machungwa, unatikisa, unatia lingine huku unahesabu mpaka yageuke kijani. Kila tone ni digrii moja ya Kijerumani ya ugumu, kama 17.9 ppm (yaani miligramu kwa lita). Maji ya kisima yamekula matone 14, yaani 250 hivi, na sishangai maana huku chini kwetu ni mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa. Maji ya kwenye kichujio, tone la kwanza tu kijani! Kichujio kilikuwa kizima kabisa muda wote!!

Na kibaya zaidi, hiyo 780 sehemu kubwa ni chumvi, bahari iko hapo, hata mdomoni unaisikia. Kloridi inatoboa chuma, hata hicho cha pua, na kichujio cha kulainisha hakiigusi. Mtu mkweli angeniambia tangu mwanzo maji ya kisima hicho usitie kwenye mashine, tumia ya chupa, nisingenunua kichujio hata kimoja. Ya chupa unasoma lebo tu: kalsiamu zidisha 2.5, magnesiamu zidisha 4.1, jumlisha. Kalsiamu 20 na magnesiamu 5 ugumu unakuja kama ppm 70, safi kabisa kwa espresso.

Na msije na ile ya "mbona kahawa ya barazani inapikwa na maji hayo hayo". Dele likishika ukoko unalisugua, boila utaingiza mkono wapi?

Anayejua duka la hapa mjini lenye dawa ya matone ya ugumu na ya kloridi aweke bei hapa. Na wewe muuzaji najua humu unapita, jibu swali moja tu: hiyo namba ya kalamu ulitegemea ishuke vipi? Na hela ya kichujio cha pili naitaka.