Neno la Kifini "lohikäärme": samaki ameingiaje kwenye joka?

Mwanafunzi wa Tabora:
Ndugu zangu, salamu kutoka Tabora. Ninajifunza Kifini kwa kamusi, na kuna neno limenisumbua wiki nzima. Joka kwa lugha hiyo ni lohikäärme. Kamusi inaeleza kwamba lohi ni samaki aina ya samoni, na käärme ni nyoka. Sisi tulimkuza nyoka tu akawa joka; je, Wafini waliona nini hata wakamwunganisha na samaki? Naomba anayejua ukoo wa neno hili ambatano anifafanulie.

Mkazi wa Ujiji:
Ndugu yangu, humo hamna samaki. Neno lilitokana na floghdraki la Kiswidi cha kale, yaani joka arukaye: flogh lahusu kuruka, na draki ni joka, ambalo asili yake ni draco la Kilatini, lililotoka kwa Wagiriki. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi kwa karne nyingi, hadi mwaka 1809, na maneno mengi yalivuka. Hapa Wafini walitafsiri nusu ya pili tu, draki ikawa käärme, lakini ile ya kwanza waliichukua kwa sauti yake. Na kwa kuwa Kifini cha kale hakikukubali konsonanti mbili mwanzoni mwa neno, f ikadondoka, kama skola ya Kiswidi ilivyogeuka koulu, yaani shule. Kilichobaki kikavutwa hadi kikafanana na jina la samaki ambalo kila mvuvi alilijua.

Fundi Baiskeli:
Maelezo hayo yamenifurahisha, maana nasi tumefanya jambo la aina hiyohiyo. Hapa Tabora tunafunga digadi moja au madigadi mawili, ingawa mudguard la Kiingereza ni umoja: tulisikia ma- ya wingi pale mwanzoni, tukaikata. Kipilefti nacho kikapata vipilefti, kwa sababu ki- yake ilionekana kuwa yetu.

Mwanafunzi wa Tabora:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Basi lohi ya samaki nayo ni ya Kiswidi?

Mkazi wa Ujiji:
Hapana. Hiyo ni kongwe zaidi, na iliazimwa kutoka lugha za Kibaltiki. Walithuania hadi leo humwita samaki huyo lašiša, na Walatvia lasis.