Vyombo vya kaure vya marehemu bibi, dalali anataka vyote kwa laki nne. Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Binti wa Bweni

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za saa hizi. Nina jambo linaninyima usingizi. Bibi mzaa mama alifariki hapa Pangani, arobaini tumeshamaliza, sasa wajomba wanataka nyumba ifungwe na vitu vigawanywe. Chumbani kwake kuna kabati la vioo la vyombo ambalo toka tukiwa wadogo hakuna mtoto alikuwa anaruhusiwa kuligusa, tunasimama tu mbele yake tunatazama, basi.

Ndani kuna mabakuli 8 ya maua ya rangi rangi, sahani mbili kubwa za bluu na nyeupe, moja ndio ile bibi alikuwa anaiita kombe, bakuli moja zito la kijani kilichofifia, birika la kahawa limevunjika mdomo, na kisanamu cha msichana amebeba kikapu, kirefu kama kidole cha shahada.

Jumamosi mjomba mkubwa akaleta dalali kutoka Dar. Akashika kimoja kimoja anamulika na tochi ya simu, kisha akasema hivi ni vyombo vya kizamani havina soko, atatupa laki nne kwa vyote maana ametuonea huruma. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni namwangalia mikono, lile bakuli la kijani alilishika mara tatu na kila akiliweka chini analirudia. Ijumaa anarudi na hela.

Wajomba wameshakubali. Mama amenyamaza tu. Mimi sijui thamani yake ila roho inakataa. Pia kombe lina madoa ya njano katikati hayatoki, nilikuwa nataka kuliloweka kwenye Jik lipendeze kabla hatujaamua. Mnishauri wenye uelewa.

---

Mzee wa Mabakuli

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba. La kwanza, hiyo Jik irudishe ilikotoka. Usiloweke chochote, usisugue na steliwaya, usipake limao. La pili, geuza kila chombo utazame mgongoni utuandikie unachokiona hata kama ni alama ndogo au maandishi yamefutika nusu, chombo cha kaure ukitaka kukijua usitazame uso wake tazama kitako. Umri wangu huu nimekusanya vyombo hivi zaidi ya miaka ishirini na maua ya mbele yameshanidanganya mara nyingi.

---

Kiboko Mlaini

Laki nne kwa sahani? Uzeni mgawane. Vyombo vinakaa kabatini vinavunjika, hela inalipa ada.

---

Binti wa Bweni

Asante Mzee wangu, Jik nimeirudisha. Nimegeuza vyote juu ya godoro kwa kuogopa kudondosha.

Mabakuli ya maua: 5 yana muhuri wa mnyama amelala ana kichwa cha mtu, chini Maastricht. 2 yana simba na maneno Societe Ceramique Maestricht, hapa wameandika kwa e, na Made in Holland. Moja halina kitu. Ndani ya mengi kuna mialama mitatu midogo kama imedonolewa na sindano.

Sahani za bluu hazina maandishi. Kitako chake hakijapakwa ule ung'aavu, kimekwaruza, kuna mchanga umegandia. Ile isiyo kombe ilishawahi kupasuka na mgongoni imeshonwa na pini za shaba 4.

Kisanamu kimeandikwa Made in Occupied Japan.

Bakuli la kijani halina muhuri. Duara la chini lina wekundu kama kutu. Halafu nyuma kuna kitu kigumu cheupe kimeganda, nilidhani uchafu nikakwangua kidogo kwa kucha, ni kama chokaa.

---

Mzee wa Mabakuli

Binti, acha kukwangua hiyo chokaa. Hiyo ndiyo nzito, nawaachia wanaoijua zaidi.

Mabakuli ya maua ni ya Uholanzi, mji wa Maastricht. Bwana Petrus Regout alianza kutengeneza vyombo pale mwaka 1836, na huyo mnyama mwenye kichwa cha mtu ni sfinksi, nembo ya kiwanda chake. Wenye simba walikuwa washindani wao hapo hapo mjini, mpaka viwanda viwili vikaungana 1958. Hayo si kaure kwa maana halisi, ni udongo mweupe uliopakwa rangi na kung'arishwa, ukitaka kuhakikisha lishike juu ya taa, huoni kivuli cha vidole vyako ng'ambo ya pili, na ukiligonga kwa kucha linasema *tuf*. Ile mialama mitatu ni ya vijiti walivyotegeshea chombo kikae ndani ya tanuri kisigande na mwenzake. Mabakuli haya yaliletwa pwani yetu kwa wingi, Unguja, Lamu, Tanga, hakuna arusi ambayo hayakutoka. Kwa hiyo si adimu sana wala usitegemee yakujengee nyumba, ila ukikutana na manane ya nyumba moja yakiwa mazima hivyo, hiyo ndiyo adimu.

Kisanamu ni rahisi kukipa umri. Japani ilikaliwa na majeshi ya washindi wa vita toka 1945 mpaka 1952, na mhuri wa namna hiyo ni wa miaka hiyo tu. Nani kwenu alikuwa anasafiri enzi hizo?

Sahani za bluu ni za Kichina, hizo ndizo kaure. Fanya jaribio la taa, utaona vidole. Mchanga kitakoni ni wa tanuri, walikuwa wanamwaga mchanga chini chombo kisishike. Na hizo pini za shaba usizitoe wala usizionee aibu. Zamani kulikuwa na mafundi wanatoboa kaure bila kufika upande wa pili halafu wanaibana kwa pini, sahani inarudi kuliwa. Mtu hashonei kitu asichokipenda.

---

Mwana Mkomani

Salamu kutoka Lamu. Nimesoma hiyo habari ya chokaa nikashtuka kidogo.

Dadangu, huku kwetu nyumba za kale za mawe zina zidaka, yaani vile vidirisha vya chokaa vilivyopangwa ukutani ndani kabisa ya nyumba, na humo ndimo wazee waliweka kaure zao. Lakini hiyo ni kuweka tu, chombo hakigandishwi. Kugandishwa ni mahali kwengine, kwenye mihirabu ya misikiti, na kwenye makaburi ya nguzo. Mambrui karibu na Malindi inajulikana kwa nguzo ya kaburi iliyopachikwa mabakuli ya Kichina ya enzi za wafalme wa Ming. Kwenu nako yako, Kunduchi, Kaole, na hapo hapo jirani yako Tongoni kwenye njia ya Tanga, makaburi kama 40 na msikiti uliobomoka, na nguzo nyingi zimebaki na mashimo ya mviringo tu, sahani zilishang'olewa.

Bakuli la kijani kilichofifia, duara la chini jekundu, hayo ni maelezo ya vyombo vya Longquan, kusini mwa Uchina, vilifika pwani hii kwa wingi karne ya 14 na ya 15. Kwenye magofu ya Gedi zimechimbuliwa, Kilwa zimechimbuliwa. Likiwa na chokaa mgongoni uliza lilitoka ukuta gani. Sisemi bibi alifanya baya, Mungu amrehemu. Nasema uliza.

Na huyo dalali nadhani anajua. Ndio maana alilirudia mara tatu.

---

Kiboko Mlaini

Kama ni la karne ya 14 si ndio liuzwe bei kubwa zaidi? Tafuteni Mzungu.

---

Mwanasheria wa Kijiweni

Hapana mkuu, hapo utawaingiza watu matatani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kina ulinzi wake, huwezi kukiuza au kukitoa nje bila kibali. Kenya wao mstari wao ni 1895. Kwa hiyo mabakuli ya Uholanzi na kisanamu mna uhuru navyo, sahani za bluu zinategemea umri wake, na hilo la kijani kama Mwana Mkomani yuko sahihi basi halina laki nne wala milioni nne, halina bei. Kitu kimoja zaidi, mirathi haijagawanywa, mjomba mkubwa peke yake hana mamlaka ya kuuza fungu la mama yako. Mwambie hilo kwa adabu lakini mwambie.

---

Fundi Gundi

Nafanya kazi ya kutengeneza vyombo vilivyovunjika, naongezea upande wangu kwa haraka maana niko kazini.

Kuosha: beseni la plastiki, tandika taulo chini, maji vuguvugu, sabuni laini kidogo, kimoja kimoja, kwa mkono. Yale ya Uholanzi yenye nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui msiyaloweke hata dakika kumi, maji yanaingia chini ya rangi na uchafu wote wa ndani unatoka kuwa doa la kahawia. Jik ndio inamaliza kabisa, chumvi yake inabaki ndani ya udongo na baada ya miezi inasukuma ule ung'aavu unabanduka. Ile yenye pini za shaba futa tu kwa kitambaa kibichi.

Birika lililovunjika mdomo, kama kipande kipo kihifadhi kwenye karatasi. Msiweke supaglu. Sisi tunatumia gundi inayoyeyuka tena kwa asitoni ili fundi wa kesho akitaka kurekebisha aweze, supaglu inageuka njano na kuibandua ni vita.

Kupanga: msibebanishe sahani juu ya sahani bila kitu katikati. Vipande vya kanga kuukuu ndio vizuri kuliko vyote, gazeti linaacha wino. Na msiandalie chakula chenye ukwaju au achari humo, rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi ambayo ni sumu, na uchachu unayatoa.

Doa la njano la kombe sijaliona, ila kabla hujafikiria kulitoa, muulize mtu mzima wa nyumba kombe lilitumika kwa nini.

---

Binti wa Bweni

Nimechelewa kurudi samahanini. Jana usiku nilimuuliza mama, tumekaa mpaka saa saba.

Nilianza na doa. Mama akalichukua kombe akalipakata akasema hilo si doa, hiyo ni zafarani. Bibi alikuwa anaandikia humo. Mtu akiumwa, mwanamke akiwa na uchungu haushuki, wanakuja kwa bibi, anaandika aya kwa zafarani na marashi, inaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Akasema na wewe ulikunywa hapa, ulikuwa na miezi saba na degedege. Mimi sikuwahi kujua hilo wakuu, na ningekuwa nimelitia Jik.

Kisanamu kilikuwa cha babu mdogo, alikuwa baharia kwenye meli, alikileta akiwa na posa ya mchumba, posa ikakataliwa, bibi akakichukua kakiweka kabatini ili kaka yake asikione kila siku.

Halafu nikamuuliza la kijani. Mama akakaa kimya muda mrefu. Akasema baba yake bibi alikuwa na shamba la minazi njia ya Tongoni, masika moja mvua kubwa nguzo ya kaburi ikaanguka, na watu wakaanza kuja kuokota vipande. Yeye akaliokota lile lililokuwa zima akalileta nyumbani lisivunjwe, akasema nguzo ikisimamishwa litarudi. Nguzo haikusimamishwa. Akafa, bibi akalitunza, na bibi hakuwahi kulitilia chakula hata mara moja, alikuwa anasema hili si letu, hili tumelishikia.

Mama alikuwa anajua siku zote. Ndio maana alikuwa kimya mbele ya dalali, alikuwa anaogopa ugomvi na kaka zake.

Sasa nafanyeje, nikilipeleka si watasema tumeiba?

---

Mwanasheria wa Kijiweni

Usiogope. Mtu anayekwenda mwenyewe kukabidhi na maelezo yake si mwizi. Andika yote aliyosema mama, shamba lilikuwa wapi, masika ya mwaka gani kwa kukadiria, nani aliliokota. Piga picha mbele, nyuma na ubavuni, weka rula pembeni. Mpeleke mama mwenyewe kwa maafisa wa Mambo ya Kale na mdai hati ya makabidhiano yenye jina la babu yenu. Bila maelezo hayo lile ni bakuli tu, na maelezo anayo mama yako peke yake.

---

Mwana Mkomani

Na hiyo chokaa muiache ilivyo, hata chembe. Wataalamu wataitazama na ile ya nguzo za Tongoni. Allah amlipe babu yako, wengine walipita na shoka.

---

Kiboko Mlaini

Nimesoma yote. Dada nilikushauri vibaya mwanzoni, usiuze.

---

Mzee wa Mabakuli

Binti, mimi ninayo mabakuli ya Maastricht arobaini na kitu na hakuna hata moja ninalojua nani alilia ndani yake au alikula nini. Kama wajomba lazima wapate hela, yale manane nitayanunua mimi kwa bei ya haki, lakini ningefurahi zaidi ukiniambia hapana.

---

Binti wa Bweni

Mrejesho. Alhamisi usiku mama mwenyewe aliwaita kaka zake akayasema yote mbele yao, mara ya kwanza namsikia mama anapandisha sauti kwa mjomba mkubwa. Mjomba alilia. Naye aliwahi kunywa kombe lile.

Dalali alipokuja Ijumaa akaambiwa hakuna biashara. Akapandisha mpaka laki tisa, tena kwa la kijani peke yake. Mjomba akamfungulia mlango.

Mabakuli tumegawana, mawili mawili kila mtoto wa bibi, kombe limebaki kwa mama na kisanamu nimepewa mimi. Mzee wangu, jibu ni hapana, ila ukipita Pangani utakunywa kahawa humo.

La kijani liko kwenye kikapu, nimelifunga na kanga mbili za bibi, chokaa yake kama ilivyo. Jumatatu asubuhi mimi na mama tunapanda basi la Tanga.