Mteja wa Sabasaba amegeuza biashara yangu ya ukili: nimfuate hadi wapi?

Swali: Ndugu zangu, nasuka mikeka na vikapu vya ukili (utepe wa majani yaliyosukwa) Bagamoyo. Katika Maonyesho ya Sabasaba, mama mmoja aliyeingia bandani kwangu kukimbia jua alivitazama vikapu vyangu, akaniagiza vya nguo chafu, vyenye vifuniko na vya kipimo kimoja, kwa ajili ya nyumba yake ya wageni huko Paje, Zanzibar. Sasa oda zake ndizo zinazoendesha kazi yangu, na mikeka ya rangi niliyofundishwa na bibi yangu sipati muda wa kuisuka. Je, niendelee hivi?

Jibu la kwanza: Hongera, dada yangu, usimwache. Kwa kuwa ukili husukwa kwanza ukawa utepe mrefu na kushonwa baadaye, wape majirani kazi ya kusuka kwa idadi moja ya kindu (majani ya mkindu ya kusukia), ili upana usitofautiane, nawe ubaki na kushona. Muda wa mikeka utaupata hapo.

Jibu la pili: Naafiki, ila nina hofu. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, wageni wa Zanzibar hupungua sana na hoteli kadhaa hufungwa. Anayetegemea mnunuzi mmoja wa huko hukaa bila oda, ilhali mikeka ya harusi hununuliwa na watu wa mtaani kwako. Mwombe pia malipo ya awali kabla hujanunua kindu.

Muuliza swali: Ahsanteni. Nitaanza na jirani mmoja.