Bampa za Beetle ya babu zimeshika kutu, nisaidieni kabla fundi hajazipiga rangi ya silva

Nyakwaro_Ahero:
Habari zenu wadau. Nimeachiwa Beetle ya 1969 ya babu, ilikuwa imekaa huku Ahero chini ya mwembe karibu miaka kumi na mbili. Injini haininyimi usingizi, hiyo nishaongea na fundi. Shida ni bampa. Ya mbele iko na vidoti vidoti vya kutu kama mtu ametoka kuugua tetekuwanga, lakini ya nyuma ndio balaa kabisa, kuku wa nyanya waligeuza hapo kitanda chao, kila jioni wanapanda wanalala asubuhi wanashuka wanaacha zawadi, sasa upande wa kushoto kromu inabambuka kama magamba ya samaki ngege na chuma chekundu kinaonekana chini. Fundi mmoja hapa Kisumu anasema nimpelekee zote apige msasa halafu apulize silva, siku moja kazi imeisha. Mwingine anasema nimwagie tu dawa ya kuosha choo. Nyanya naye anasema niache hivyo hivyo, eti ilikuwa na kutu hata babu akiwa hai. Nimsikize nani?

Fundi_Section58:
Msikize nyanya kuliko hao wawili 😂 Dawa ya choo usijaribu hata kidogo. Nyingi ziko na asidi ya haidrokloriki na hiyo ndio hutumika kuvua kromu kwa chuma. Nilifanya huo ujinga na Datsun 1200 yangu, hapa Nakuru, kutu ilitoka kweli lakini nikishamwaga maji nikaona bampa imekuwa manjano manjano hivi. Kumbe ile ni nikeli, kromu ilikuwa imeenda na maji.

Elewa kitu kimoja. Kromu yenyewe haishiki kutu. Ni ngozi nyembamba sana, mara nyingi haifiki hata maikroni moja, na unywele wako ni kama maikroni 70. Kinacholinda chuma hasa ni nikeli iliyo chini yake, na kazi ikiwa nzuri chini ya nikeli kuna shaba. Sasa maji yakipata katundu kadogo yanapita mpaka kwa chuma, kutu inaanza huko ndani halafu inachungulia nje. Hivyo vidoti vyako vya mbele ndio hivyo.

Ya mbele utaokoa. Osha kwanza na sabuni, mchanga wote utoke, usije ukaikwaruza mwenyewe. Chukua foili ya jikoni, ikunje, chovya kwa maji, sugua pole pole kwa mviringo. Aluminiamu ni laini kuliko kromu kwa hivyo haiikwaruzi. Utaona ujiuji mweusi, pangusa, rudia. Msasa na waya brashi wekeni mbali. Ukimaliza kausha kabisa upake nta ya gari. Na silva haitashika kwa kromu inayong'aa, miezi michache itaanza kutoka kama ngozi ya nyoka.

Jamaa_wa_404:
Foili ni ya kupiga picha tu. Nilisugua yangu ikang'aa mpaka majirani wakaja kuangalia, masika kidogo tu vidoti vikarudi palepale. Labda kama gari hainyeshewi.

Fundi_Section58:
Ulipaka nini nyuma ya bampa?

Jamaa_wa_404:
Nyuma wapi? Nani anaangalia nyuma

Fundi_Section58:
Hapo ndio ulipoteleza mkubwa. Upande wa nyuma mara nyingi hauna kromu ya maana, na matope ya tairi yote yanakaa huko. Ingia na waya brashi huko nyuma tu, toa kutu yote, piga praima ya zinki na rangi juu. Na mbele nta ni ya kurudia rudia, si ya mara moja halafu unasahau.

Molasi_Chemelil:
Nyakwaro wewe uko karibu na miwa unahangaika na foili ya nini kwa ile ya nyuma? Tafuta molasi, ile ya kulisha ng'ombe. Changanya moja kwa maji tisa, pasua pipa kwa urefu lilale kama hori, zamisha bampa yote. Wiki moja mpaka mbili, na kwa joto la huku inaenda haraka. Inakula kutu inaacha chuma. Kromu iliyoshika vizuri haiguswi, lakini ile iliyoinuka itatoka, kwa sababu ilikuwa imeshikiliwa na kutu tu, usilie. Kitu cha aluminiamu usitumbukize humo. Ukitoa, osha, kausha papo hapo kwa jua na upake mafuta maana chuma kitupu kinashika kutu mpya kabla umalize chai.

Onyo lingine, inachacha na inanuka. Yangu siku ya tano askari wa chifu walikuja wamefuata harufu wakijua hiyo ni pombe ya kangara, ikabidi niingize mkono niwatolee bampa ya Land Rover waione. Walikaa kama hawaamini.

Nyakwaro_Ahero:
😂😂 Asanteni sana. Sasa ile sehemu itabaki chuma kitupu nifanyeje?

Fundi_Section58:
Hapo hakuna dawa ya kusugua, kromu ikitoka imetoka. Ni kupigwa upya kwa karakana, na usijaribu nyumbani, maji ya kupigia kromu ni sumu na mvuke wake unaleta saratani ya mapafu. Kabla utoe pesa uliza kama wanavua ya zamani yote na kama wanapiga shaba wanalainisha ndio nikeli ifuate. Kromu haifichi shimo hata moja, inalionyesha vizuri zaidi. Akikwambia anapiga juu ya hiyo iliyoko, chukua bampa yako uende.

Nyakwaro_Ahero:
Ripoti. Ya mbele nimeifanya leo na foili, imebaki na vishimo vidogo ukisogea karibu lakini ukiwa barabarani huoni kitu. Ya nyuma imeingia kwa pipa jioni hii, bolti zilikataa mpaka nikazimwagia diseli zikalala nayo usiku mzima. Nyanya anauliza kuku watalala wapi.

Molasi_Chemelil:
Funika hilo pipa na mabati uweke mawe juu. Ng'ombe wakijua ni molasi utaamka ukute bampa imelala kwa nyasi.