Kiambishi "ver-" cha Kijerumani kina maana gani hasa?

Muulizaji, Mji Mkongwe: Assalamu alaykum. Mimi hutembeza wageni, na Kijerumani bado najifunza. Jana usiku pale Forodhani niliwaambia wageni kwamba yule mzee wa pweza "kauft", nami nikikusudia kuwa anauza, wakacheka, kwani nilikuwa nimesema ananunua. Kuuza ni "verkaufen". Je, hicho "ver-" kina maana gani, ikiwa "versprechen" ni kuahidi, ilhali "sich versprechen" ni kuteleza ulimi?

Chake Chake: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usikitafutie maana moja, kwani ndani yake vimo viambishi vitatu vya kale ambavyo Kigothi, lugha ya kale iliyo jamaa ya Kijerumani, kiliviandika mbalimbali: "fra-", "fair-" na "faur-". Havikuwa na mkazo, kwa hiyo irabu zao zilififia hata vikafanana, lakini kila kimoja kikabaki na kazi yake. Ndiyo maana "ver-" mara huonyesha kitu kutoka mkononi, kama katika kuuza, na mara huonyesha kukosea, kama "sich verlaufen", kupotea njia kwa miguu. Kiingereza nacho kina "for-", katika "forget" na "forbid".

Makunduchi: "Ent-" ndicho chepesi kwetu. "Decken" ni kufunika, "entdecken" ni kugundua. Sisi husema funika na funua, funga na fungua; wao hugeuza maana kichwani mwa neno, sisi mkiani.

Wete: Niongeze habari za Wakelti, ambao Kiayalandi ni mojawapo ya lugha zao. Kiayalandi huita hali ya hewa njema "soineann", na ya dhoruba "doineann". "So-" ni ya kheri na "do-" ni ya shari, na jamaa zao ni "su-" na "dus-" za Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Lugha za Wakelti ziliipoteza "p" ya kale, ndiyo maana baba, ambaye kwa Kilatini ni "pater", kwao ni "athair". Basi "pro-" ya kale ikawa "ro-", na leo "rómhór" ni kikubwa mno. Hiyo ni ndugu wa "fra-" aliyoitaja mwenzangu wa Chake.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Na "kaufen" yenyewe?

Chake Chake: Hiyo imetokana na Kilatini "caupo", mchuuzi au mwenye nyumba ya wageni. Shina ni la kuazima. Kiambishi ndicho mwenyeji.